Jina Nililoliandika Ubaoni

Kwa miaka sita nilikuwa mwalimu wa kundi la kujifunza Biblia kanisani kwetu, na katika miaka hiyo yote hakuna somo nililolipenda kulifundisha kama lile la majina ya Mungu yaliyotoka katika Kiebrania. Lilikuwa somo jepesi kwa mwalimu na tamu kwa wasikilizaji: unaandika jina upande mmoja wa ubao, unaandika maana yake upande wa pili, kisha watu wanaondoka na neno moja la kushika wiki nzima. Yehova Nisi, bendera yetu. Yehova Shalom, amani yetu. Na Yehova Yire, ambalo nililiweka mwisho makusudi kwa kuwa ndilo lililowainua watu vitini, nikaliandikia maana yake kwa herufi kubwa: MUNGU MPAJI.

Katika kundi hilo walikuwamo mume na mke ambao binti yao wa miaka tisa alipatwa na ugonjwa wa damu. Tuliomba pamoja nao kwa miezi minne, kila Alhamisi jioni, na kila Alhamisi niliandika jina hilo ubaoni kabla hatujaanza, mpaka ikafika wakati nikaacha kulifuta. Jioni moja mama wa mtoto alilia mbele ya watu wote, akasema kwamba anaogopa. Nikasimama, nikamwambia kwa sauti ya mtu asiye na shaka, “Dada, Ibrahimu alipanda mlimani na mwanawe na akashuka naye akiwa hai. Na wewe utashuka na wako. Ndiyo maana ya Yehova Yire.” Watu wakaitikia amina. Nilijisikia nimefanya kazi ya mwalimu.

Mtoto alifariki Jumapili moja kabla ya mapambazuko. Siku ya mazishi nilipewa zaburi ya kusoma, nikaisoma bila kuinua macho. Alhamisi iliyofuata nilifika mapema kuliko wote, nikalikuta jina lile bado liko ubaoni pamoja na tafsiri yangu ya herufi kubwa, nikalifuta kwa haraka kama mtu anayeficha kitu kisije kikaonekana. Wale wazazi hawakurudi tena kundini. Nami sikuwafuata. Hatukugombana wala hakuna aliyenilaumu. Nilichofanya ni kupita njia nyingine nilipomwona yule mama kwa mbali baada ya ibada, kwanza mara moja, halafu mara ya pili, halafu ikawa mazoea. Wahenga walisema asiyekuwapo machoni na moyoni hayupo, lakini kwangu ilikuwa kinyume: kadiri nilivyojitahidi asiwepo machoni pangu, ndivyo alivyokaa moyoni na kunikosesha usingizi.

Niliendelea kufundisha, ila somo la majina ya Mungu nililiweka kando. Miezi michache baadaye mchungaji mmoja mstaafu alitangaza kwamba angefundisha Kiebrania cha msingi kwa yeyote anayetaka, bila ada. Nilijiandikisha. Kwa nje nilisema nataka kuongeza maarifa. Kwa ndani, nadhani nilikuwa natafuta pahali pa kujificha ambapo bado pangehesabika kuwa ni utumishi. Tulianza wanafunzi wanane. Baada ya wiki za kukariri herufi ishirini na mbili na za kusoma kutoka kulia kwenda kushoto tulibaki watatu, na mzee huyo hakuonekana kusikitika hata kidogo.

Alikuwa na kanuni moja iliyotuudhi: hakuruhusu mtu kutafsiri mstari anaoukumbuka. Ukianza kusoma na sauti yako ikateleza kwa ulaini wa mtu anayejua mwisho wa sentensi, alikukatiza. “Usiniambie unachokijua,” alisema, “niambie kilichoandikwa.” Kwa hiyo tulikwenda neno kwa neno, mzizi kwa mzizi, na ilikuwa karibu mwaka mzima ndipo tulipofika Mwanzo sura ya 22, ile ya Ibrahimu kwenda nchi ya Moria kumtoa mwanawe Isaka sadaka mlimani, na mwishowe kumtoa kondoo dume badala yake.

Nilipoliona jina katika mstari wa 14 nilishtuka kama aliyekutana njiani na mtu anayemdai. Lilianza na herufi nne za jina la Mungu, yod, he, vav, he, ambazo Wayahudi kwa heshima waliacha kuzitamka na badala yake wakasoma Adonai, yaani Bwana. Baadaye waandishi walitia chini ya herufi hizo alama za irabu za Adonai ili kumkumbusha msomaji asitamke jina lenyewe, na ni katika kuzisoma irabu za neno moja pamoja na konsonanti za neno jingine ndipo ilipozaliwa “Yehova” tunayoitumia. Hilo tulikuwa tumelijua tangu mwezi wa kwanza, na ndiyo sababu Biblia ya Union Version huandika BWANA kwa herufi kubwa mahali pengi. Neno lililofuata ndilo lililonihusu. “Yire,” nikasoma. “Atatoa.”

“Mzizi wake?” mzee akauliza.

Nikautazama. Resh, alef, he. Ulikuwa mzizi tuliokutana nao wiki za mwanzo kabisa, katika sura ya kwanza ya Mwanzo, pale ambapo Mungu anaitazama nuru kuwa ni njema, na ambapo baada ya siku sita anakitazama kila kitu alichokifanya. Ni kitenzi cha kawaida kabisa, ambacho mtoto wa Kiebrania angekitumia kusema ameona ndege juu ya mti. Kuona. Nilikaa kimya mpaka mwenzangu mmoja akajibu kwa niaba yangu: “BWANA ataona.”

Nilibisha. Nilisema haiwezekani, kwa kuwa Ibrahimu alipewa kondoo, na watu wote husema Mungu mpaji, na Biblia yetu yenyewe katika mstari wa 8 inasema “Mungu atajipatia mwana-kondoo.” Mzee hakunipinga. Alinifungulia kwanza 1 Samweli 16:1, ambapo Mungu anamwambia Samweli kwamba amejipatia mfalme miongoni mwa wana wa Yese, akanionyesha kwamba Kiebrania cha hapo kinasema “nimejionea mfalme.” Kisha akanipeleka Mwanzo 41:33, ambapo Yosefu anamshauri Farao ajitafutie mtu wa akili na hekima, na hapo pia kitenzi ni kilekile, Farao na aone mtu. Kwa hiyo, alisema, wanaotafsiri “atajipatia” hawajakosea. Katika lugha hiyo kuona kunaweza kubeba ndani yake kuchagua, kushughulikia na kutimiza, kama vile katika Kiswahili mtu akikuambia “niangalie, ndugu yangu” hataki umkodolee macho. Sisi wenyewe humwita mwangalizi yule anayetunza, na waliotafsiri Matendo 20:28 waliwaita wazee wa kanisa la Efeso waangalizi wa kundi.

“Basi nilikuwa sahihi,” nikasema.

“Ulikuwa sahihi kuhusu tunda,” akajibu. “Ulisahau mti.”

Nilikwenda nyumbani na sentensi hiyo, na kwa siku kadhaa sikufanya jambo jingine la maana ila kufuatilia neno hilo moja. Niligundua kwamba wafasiri wa kale walikuwa wamelisikia vizuri kuliko mimi. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kiyunani, miaka mingi kabla ya Kristo, waliandika kwamba Ibrahimu alipaita mahali pale “Bwana aliona.” Jerome, aliyeiweka Biblia katika Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, aliandika “Bwana huona.” Katika mstari wa 8 Jerome alichagua kitenzi cha Kilatini kinachoundwa kwa “mbele” na “ona”, yaani kuona tangu mbele, na ni kitenzi hicho kilichowapa watu wa Ulaya neno lao la kutoa mahitaji. Hata kwao, basi, kutoa kulizaliwa na kuona. Ni sikio tu lililozoea mno hata likaacha kusikia.

Sura yenyewe, nilipoisoma upya, ilikuwa imejaa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku ya tatu Ibrahimu anainua macho yake na kuona mahali pale kwa mbali. Baada ya kuzuiliwa na malaika anainua macho tena na kuona kondoo dume, aliye nyuma yake, amenaswa pembe katika kichaka. Halafu katika mstari wa 14, mara baada ya “BWANA ataona”, linakuja neno lilelile katika hali ya kutendwa, na hapo wafasiri wametawanyika: Union Version inasema “Katika mlima wa BWANA itapatikana,” lakini Kiebrania kinaweza kusomwa “itaonekana”, na kinaweza pia kusomwa kwamba BWANA mwenyewe “ataonekana.” Mambo ya Nyakati wa Pili 3:1 inasema Sulemani aliijenga nyumba ya BWANA katika mlima Moria, mahali ambapo BWANA alimtokea Daudi baba yake, na “alimtokea” hapo, kwa Kiebrania, ni “alionekana kwake.” Kitenzi hicho hicho kinarudi kwenye mlima huohuo.

Jambo jingine lilinifanya nicheke peke yangu, kicheko cha aibu. Kwa miaka sita nilikuwa nimefundisha kwamba Yehova Yire ni jina la Mungu. Andiko linasema Ibrahimu alipaita *mahali hapo* Yehova-yire. Ni jina la mlima. Vivyo hivyo Yehova-nisi ni jina la madhabahu ya Musa katika Kutoka 17, na Yehova-shalom ni jina la madhabahu ya Gideoni katika Waamuzi 6. Sisemi kwamba Mkristo anayemwita Mungu kwa majina hayo anakosea. Kanisa limeomba hivyo kwa muda mrefu, nami bado naomba hivyo. Lakini jina la mahali lina tabia yake. Halikuwapo kabla ya safari. Ibrahimu hakuondoka nyumbani akiwa na Yehova Yire mfukoni kama hundi iliyokwisha kutiwa saini; njiani alikuwa na sentensi moja tu ya kumjibu mwanawe, kwamba Mungu atajionea mwana-kondoo, na pengine hata yeye hakujua anasema nini. Mlima ulipata jina lake wakati yote yamekwisha, kutoka kinywani mwa yule aliyeupanda.

Na mimi nilikuwa nimelichukua jina la mlima wa mtu mwingine, nikalibandika juu ya mlima ambao mama mmoja alikuwa bado anaupanda, nikamwambia jinsi utakavyokwisha.

Hapo ndipo elimu yangu mpya ilipoanza kunigeuka. Ikiwa jina linamaanisha kwamba BWANA huona, basi aliona wodi ile na kitanda kile. Swali ambalo nilikuwa nimelikimbia kwa zaidi ya mwaka likawa kali zaidi, kwa sababu mpaji asiyetoa unaweza kumsamehe kwa kudhani hakusikia, lakini mwonaji? Nilimpelekea mzee swali hilo nikiwa na hasira ambayo sikuitegemea. Alikaa muda mrefu. Kisha, badala ya kunijibu, akaniomba nisome Warumi 8:32 kwa sauti: “Yeye asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote.” Akanieleza kwamba Paulo hapo anatumia kitenzi kilekile ambacho Biblia ya Kiyunani inakitumia malaika anapomwambia Ibrahimu kwamba hakumzuilia Mungu mwanawe, kwa hiyo msomaji wa kwanza wa barua ile angesikia Moria mara moja. Akasema pia jambo ambalo sikuwahi kulitambua: Isaka aliuliza yuko wapi *mwana-kondoo*, Ibrahimu akajibu kwamba Mungu atajionea *mwana-kondoo*, lakini kilichopatikana kichakani kilikuwa kondoo dume. Swali la Isaka lilibaki wazi mpaka Yohana Mbatizaji aliposimama kando ya Yordani akamwona Yesu akija, akasema: “Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu.” Hata hapo, neno la kwanza ni tazama.

“Mungu tunayemwamini,” mzee alisema, “Mwanawe hakupata kondoo wa badala. Sijui zaidi ya hapo, na wanaosema wanajua zaidi ya hapo uwaogope kidogo.”

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Hayakuwa jibu la swali langu, na mzee hakuyatoa kama jibu. Ila yaliondoa kitu kimoja kilichokuwa kimesimama kati yangu na yule mama, yaani ile hisia kwamba siwezi kwenda kwake mpaka niwe na maelezo. Hakuna maelezo yaliyokuwa yanakuja. Nikaenda bila hayo.

Nilibisha hodi Jumamosi moja alasiri, miezi kumi na minne tangu mazishi. Alinifungulia mwenyewe. Nikasema kile ambacho kila mtu husema mlangoni, “Dada, nimekuja kukuona,” na nilipokuwa bado nayatamka maneno hayo nikayasikia kwa mara ya kwanza. Hakunikaribisha mara moja.

“Miezi kumi na minne, mwalimu,” alisema. “Wengine walikuja wakasema maneno ya hovyo, nikawasamehe kwa sababu walikuja. Wewe hukuja kuniona.”

Sikuwa na la kujitetea. Nilimwambia kwamba nilimwahidi jambo ambalo sikuwa na mamlaka ya kuliahidi, kwamba nilitumia Neno la Mungu kulifanya woga wake unyamaze kwa sababu woga ule ulikuwa unanitisha mimi, na kwamba baada ya hapo niliona haya. Alisikiliza akiwa ameshika ubao wa mlango. Mwishowe akasogea kando, nikaingia.

Tulizungumza mpaka jua likazama, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo si mali yangu ya kuandika. Lakini nilipofika kwenye habari ya Kiebrania, nikaanza kumweleza kwa msisimko wa mwanafunzi kwamba jina lile kwa asili linamaanisha BWANA ataona, alitabasamu kidogo, akasema, “Mimi niliacha kuomba kwa jina la mlimani. Nilihamia kwa Hajiri.”

Sikumwelewa. Akachukua Biblia yake, akafungua Mwanzo 16, na ukurasa ulikuwa umechakaa kwa vidole. Alikuwa hajasoma Kiebrania hata herufi moja. Alikuwa amesoma tu, usiku baada ya usiku, akiwa hana usingizi. Alinionyesha kwamba katika sura ile Abramu na Sarai wanamtaja Hajiri kwa kazi yake tu, mjakazi wangu, mjakazi wako, na kwamba wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika wa BWANA, kando ya chemchemi, katika njia ya kwenda Shuri. Alinionyesha kwamba mjakazi huyo ndiye anayempa Mungu jina: Mungu anionaye. Hilo, nilijua kutoka darasani, ni El Roi, na mzizi wake ni uleule wa Yire, resh, alef, he. Tofauti ni kwamba hili halikuwa jina la mahali. Ibrahimu aliupa mlima jina. Mwanamke mtumwa aliyetoroka alimpa jina Mungu mwenyewe, tena sura sita kabla.

“Halafu tazama alichopewa siku hiyo,” akasema. “Hakupewa chochote. Aliambiwa arudi kwa bibi yake akanyenyekee chini yake. Mimi mstari huo sikuupenda, na mpaka leo siupendi. Aliahidiwa uzao, lakini siku hiyo yenyewe aliondoka pale kisimani na shida zake zote kama alivyokuja. Ila alijua kuna aliyemwona. Na hilo likamtosha hata akaliita jina.” Akafunga kitabu. “Mwalimu, mimi sikupewa. Wewe unajua sikupewa. Kama ana jina moja tu, la kutoa, basi mimi na yeye hatuna la kuzungumza. Lakini usiku ule hospitalini, wote mlipokuwa mmelala, nilikuwa naonwa. Sina ushahidi wa kukupa. Najua tu kwamba sikuwa peke yangu na yule mtoto.”

Nimekaa na watu wengi wenye shahada za theolojia na sijasikia fundisho la jina hilo lililofikia hapo. Naliandika kama alivyolisema, bila kuliongezea, kwa sababu naogopa nikiligusa nitaligeuza tena kuwa mstari wa ubaoni. Na niseme wazi, kwa faida ya anayesoma akiwa katika hali kama yake: sidai kwamba kila mtu atahisi alichokihisi, wala kwamba asiyekihisi ana upungufu wa imani. Niliwahi kufundisha hivyo pia, na hilo ni kosa jingine.

Baada ya siku hiyo nilirudi kundini nikawaomba radhi watu wote, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani, kwa kuwa wengine hawakuona kosa lilikuwa wapi na walitaka kunifariji kwa maneno yaleyale niliyowafundisha. Niliandika majina yote upya. Karibu na Yehova Yire niliandika “BWANA ataona”, na chini yake, kwa herufi za kawaida, nikaongeza kwamba kuona kwake kunaweza kuzaa kutoa, kama kulivyozaa mlimani, na kwamba sisi hatupangi saa wala sura ya tunda hilo. Mzee mmoja kundini alilalamika kwamba jina limepoteza nguvu. Huenda ni kweli, kwa maana fulani. Lilikuwa na nguvu ya kuwainua watu vitini. Sasa hawasimami tena ninapolisoma. Lakini nimeona watu wawili ambao hapo awali walikuwa wakikaa nyuma kabisa na kuondoka kabla ya maombi, sasa wanabaki, na mmoja wao aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza hakulazimika kujifanya.

Pia nimebadili namna ya kuwatembelea wagonjwa, na hapa sina hadithi kubwa. Ninakwenda, ninakaa, sisemi mambo mengi. Kutoka 3:7 inanisaidia: kabla ya kumtuma Musa, kabla ya pigo lolote au bahari kugawanyika, Mungu anasema ameyaona mateso ya watu wake, na Kiebrania kinarudia kitenzi mara mbili kwa kusisitiza, kuona nimeona. Inanikumbusha kwamba kuona si utangulizi wa kupita haraka ili tufike kwenye kazi yenyewe.

Yule mama alirudi kundini polepole, kwanza peke yake na baadaye na mumewe. Mwaka uliofuata nilimwomba afundishe somo la Hajiri. Alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu kwa sharti kwamba asitumie ubao. Alisoma sura ya 16, akasoma ya 21, ambapo Hajiri anafukuzwa na kujikuta tena jangwani na mtoto wake anakaribia kufa kwa kiu, na Mungu anamfumbua macho akaona kisima cha maji. Alisema tu kwamba sura hiyo inakaa jirani na ya 22, mama na mtoto kisha baba na mtoto, na kwamba wanaohubiri moja wakaruka nyingine wanawanyima watu nusu ya chakula.

Halafu akaruka mbele mpaka Mwanzo 25:11, mstari ambao nina hakika nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuuona. Baada ya kufa kwake Ibrahimu, unasema, Mungu alimbariki Isaka mwanawe. Na Isaka akakaa karibu na Beer-lahai-roi. Ni kisima cha Hajiri, kisima cha Aliye hai anionaye. Akaturudisha sura ya 22, mstari wa 19, ambapo Ibrahimu anawarudia vijana wake na kwenda Beer-sheba, na Isaka hatajwi kabisa katika kushuka. Na sura ya 24, ambapo tunapomwona Isaka tena amekuja kwa njia ya kisima hichohicho.

“Baba yake aliupa mlima jina,” alisema. “Lakini kijana aliyefungwa juu ya kuni, alipokua na kupata pa kukaa, hakukaa mlimani. Alikwenda kukaa kwa Hajiri. Kwa nini?”

Alitutazama mmoja mmoja, akingoja. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma na daftari langu. Nililiandika swali lake kama lilivyo, nikaacha nafasi chini yake, na nafasi hiyo bado iko wazi.